Moto Isiyo na Amortisa

Pesa zote zilikuwa dola 210, na zaidi ya nusu yake ilikuwa minervali yangu. Nilipoziweka mezani, yaya wangu hakuzigusa. Alisema tu, "Mdogo, ukikosa mitihani juu ya chuma yangu, mama hatanisamehe." Nikamjibu kwamba bila hiyo chuma hata mwaka ujao nisingeandika mtihani. Mchele na mawese yetu vilikuwa vimekaa nyumbani Pangi, na wenye moto walidai karibu faida yote kwa kuvifikisha Kindu.

(Wenzetu wa pwani wanaosema pikipiki watuvumilie. Kwetu moto ya kupanda ni ya ngeli ya i-zi, moto wa kupikia ni wa u-i, na sijaona mtu akichanganya hivi viwili sokoni.)

Tuliipata Kalima, moto ya 125, mashine nzima, lakini amortisa zote mbili za nyuma zimekufa: moja inavuja mafuta, nyingine imepinda. Zinazovumilia magunia zilizidi uwezo wetu. Zile za bei ndogo tunazijua. Msimu mmoja wa mvua unazimaliza. Yaya akaamua tusiweke amortisa kabisa. Mahali pake tutie vipande viwili vya bomba nene la chuma, kisha tusahau.

Hakuwa amebuni kitu. Pikipiki za zamani ndivyo zilivyokuwa: gurudumu la nyuma limefungwa kwenye kadre moja kwa moja, na chemchemi za kiti ndizo zinazomhurumia mpandaji. Harley-Davidson haikutia amortisa za nyuma kwenye pikipiki zake kubwa hadi 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wetu. Baadaye vijana wa Marekani wakarudia mtindo wa kale kwa ajili ya urembo tu. Ile pikipiki yenye rangi za bendera katika filamu Easy Rider ya 1969 haina amortisa za nyuma. Lakini wao walikuwa na lami.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilichukua urefu wa ile amortisa iliyonyooka huku moto imesimama kwenye stendi, gurudumu linaning'inia. Tukakata bomba kwa kipimo hicho. Moto ikatoka imeinua matako kama mbuzi anayekunywa mtoni, usukani mwepesi mno, ukiyumba kwa kila jiwe. Fundi wa kuunganisha vyuma alicheka mpaka akazima jenereta yake. "Mlipima moto ikiwa na njaa," akasema. "Amortisa inaishi chini ya mzigo." Akatukalisha wote wawili juu ya moto nyingine nzima, akapima upya, akapunguza sentimita tatu na nusu. Hiyo kazi ya pili tuliilipa.

Siku ya safari tulipakia magunia mawili ya mchele na bidoni ya mawese, mimi juu yake. Kabla ya Kalima nikasikia mlio mkavu, na sehemu ya nyuma ikalala upande. Bomba letu lilikuwa zima kabisa. Kilichopasuka ni kadre, pale juu ambapo amortisa hushikwa na bulungi. Sasa ninaelewa: zamani chemchemi ilikuwa inakula kishindo cha kila shimo, na sisi tuliiondoa bila kuuliza nani atakula badala yake. Tulifunga kwa mpira wa ndani wa gurudumu, tukasukuma hadi jioni. Yaya hakunilaumu. Hakusema neno lolote, na hilo lilikuwa zito kuliko magunia.

Fundi wa Kalima aliunganisha vibati vya pembetatu pande zote mbili, akatuagiza tusogeze mzigo mbele ya ekseli na tupunguze upepo kidogo kwenye gurudumu la nyuma. Alilipwa mchele. Tulifika Alunguli siku ya tatu, tukavuka Lualaba kwa mtumbwi, tukauza. Nililipa sehemu ya kwanza ya minervali nikiwa nimechelewa. Mtihani mmoja niliuandika katika kipindi cha pili.

Faida moja hatukuitegemea: sheni. Kwa kuwa gurudumu halipandi wala kushuka, sheni haikazi wala kulegea njiani, na ile ya kwanza ingali inafanya kazi. Kadre nayo haijapasuka tena. Kishindo kimepata mwingine wa kukila. Yaya sasa anajifunga kiunoni kipande kipana cha mpira kabla ya kila safari, na akifika hushuka polepole, mkono mmoja mgongoni, kama baba yetu.

Juzi aliniomba nimuulizie bei ya amortisa nzuri hapa mjini. Nilikwenda kuuliza. Ni karibu sawa na sehemu ya pili ya minervali. Bado sijamjibu.