Tafakari ya Juma: Askari Asiye na Tepe



Wapendwa katika Kristo, juma hili, tarehe 11 Novemba, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, ambaye kabla ya kuwa askofu alikuwa askari. Kwa kuwa parokia yetu imepakana na kambi ya jeshi, na kwa kuwa kila Dominika nawaona kwenye mabenchi ya nyuma vijana walionyoa vizuri na kukaa wima kuliko sisi sote, nimeona niielekeze tafakari hii kwao. Hasa kwa wale walio chini kabisa katika ngazi, ambao hawajapata bado hata tepe moja la kushona mkononi. Sisi wengine nasi tusikilize, maana hakuna kati yetu asiye na mkubwa juu yake.

Nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika parokia nyingine, mama mmoja alinijia akilia kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa jeshini. Kijana alikuwa ametumikia muda mrefu bila kuchaguliwa kwenda kozi ya Koplo Usu, cheo cha kwanza juu ya askari wa kawaida. Nilikuwa nafahamiana na afisa mmoja. Nikaandika kimemo. Kilikuwa cha mistari mitatu tu, nacho kilifanya kazi yake. Kijana alikwenda kozi, akarudi na tepe, na mama yake akaniletea jogoo kwa shukrani. Yule jogoo nilimla kwa furaha, wala dhamiri haikunisumbua.

Mwaka uliofuata nilikutana na kijana huyo njiani. Nikampongeza. Akatazama chini, akasema, “Baba, wenzangu wananiita Koplo Kimemo. Nikitoa amri wanatii, lakini wanainuka polepole.” Maneno hayo sijayasahau. Nilidhani nimempa kijana uongozi, kumbe nilikuwa nimempa kitambaa cha kushona mkononi, tena nilikuwa nimemnyang’anya nafasi ya kukipata kwa haki. Na yupo mwingine, nisiyemjua jina, aliyebaki nyuma kwa sababu ya mistari yangu mitatu. Huyo sijapata namna ya kumwomba radhi.

Ndiyo maana, kijana mwingine wa kambi hii yetu aliponijia baada ya Misa, miaka miwili iliyopita, nilijua anachotaka hata kabla hajaketi. Alikuwa na miaka mitatu jeshini. Mwenzake waliyeanza naye ukuruta siku moja alikuwa ameteuliwa kwenda kozi, yeye hakuteuliwa. “Baba Paroko,” akasema, “yule afande anasali hapa. Neno lako moja tu lingetosha.” Nilimwambia, “Mwanangu, neno hilo sitalisema.” Aliondoka amekasirika, na Dominika mbili hakuonekana kanisani. Nakiri kwamba katika majuma hayo mawili nilijiuliza mara nyingi kama nilikuwa mwadilifu au mkatili.

Wapendwa, tusidhani kwamba njaa ya kupanda cheo ni dhambi. Askari anayetamani kuongoza anatamani jambo jema. Historia ya nchi yetu inatufundisha pia kwamba njaa hiyo ikipuuzwa huweza kuzaa maafa. Wazee wetu wanakumbuka Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo twaiita Lugalo. Miongoni mwa manung’uniko yao yalikuwa mshahara mdogo, na jambo hili pia: nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru, lakini maafisa waliowaamuru wengi wao walikuwa bado Waingereza. Nung’uniko lilikuwa na msingi. Njia waliyoichagua ilikaribia kuiangusha nchi changa. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Basi, swali si kama kijana atamani kuongoza. Swali ni aingilie mlango gani.

Juma la tatu yule kijana alirudi. Safari hii hakuomba kimemo. Aliuliza, “Sasa, Baba, nifanye nini?” Mimi si mwanajeshi, niliyojifunza seminari ni falsafa na teolojia, wala sijui kupiga kwata. Nikamwomba mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyestaafu akiwa Sajini, aketi nasi. Tuliyozungumza jioni ile, pamoja na yaliyofuata, ndiyo ninayotaka kuwashirikisha leo.

Mzee alianza kwa kumwuliza: “Katika seksheni yenu, kila asubuhi, ni kitu gani huwakera wote na hakuna anayekishughulikia?” Kijana akafikiri, kisha akacheka. “Mafyekeo, mzee. Ikifika saa ya fatiki, nusu saa inapotea tukitafuta mafyekeo.” Mzee akasema, “Basi hapo ndipo penye cheo chako cha kwanza. Nenda kwa koplo wako, umwombe akukabidhi mafyekeo.”

Angalieni, ndugu zangu, hekima iliyomo. Kwanza, aombe kwa koplo wake, si kwa kapteni, wala si kwa padri. Jeshi lina ngazi zake, na anayeruka ngazi moja humvunjia heshima yule aliyemruka, ambaye kesho ndiye ataulizwa habari zake. Pili, aombe kitu kimoja chenye mipaka. Askari anayesema, “Afande, nipe nafasi ya kuongoza,” anampa mkubwa wake mzigo wa kufikiri. Anayesema, “Afande, naomba niwe mtunza vifaa vya fatiki kwa mwezi huu,” anampunguzia mzigo. Tatu, kazi ikiisha atoe taarifa, hata kama hakuna aliyeiuliza.

Kijana alipewa. Alihesabu mafyekeo, yakawa kumi na manne, mawili hayana mipini. Akatafuta daftari, akaandika nani amechukua na nani amerudisha. Mwezi ulipokwisha, hata wa seksheni za jirani walikuwa wakimfuata kuuliza, “Daftari liko wapi?” Hakuwa na tepe, alikuwa na daftari, na watu walimfuata.

Baadaye aliomba jambo la pili. Walikuwa wameletwa askari wapya watatu, nao hawakujua kuandaa sare na buti kwa gwaride la ukaguzi jinsi kikosi kile kinavyotaka. Aliomba awafundishe jioni. Hapo akagundua jambo ambalo kila mwalimu analijua: kwamba unachodhani unakijua, hukijui mpaka umejaribu kumweleza mwingine. Ilimbidi kwanza aende kwa koplo kuuliza mambo ambayo yeye mwenyewe kwa miaka mitatu alikuwa akiyafanya kwa kuiga tu.

La tatu lilimshinda. Asubuhi moja aliruhusiwa kuongoza mchakamchaka. Ana sauti nzuri na mapafu ya punda. Aliimba, akakimbia, akafurahi mno, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mmoja wa wale wapya, aliyekuwa ametoka kuugua malaria, alianguka. Sajini alimkaripia mbele ya wote. Jioni alikuja kwangu uso umemshuka, akisema ameharibu kila kitu.

Nilimwuliza, “Ulifanya nini alipoanguka?” Akasema alirudi, akambeba pamoja na mwenzake hadi zahanati, akaa naye mpaka alipopata nafuu, kisha akaenda kwa Sajini mwenyewe, bila kuitwa, akakubali kwamba kosa ni lake, na kuomba siku nyingine akimbie nyuma ya kundi badala ya mbele. “Sajini alisemaje?” “Alinitazama muda mrefu, Baba. Halafu akasema, ‘Haya, kesho nyuma.’”

Nilimwambia kwamba, kwa maoni yangu, siku ile ndiyo alikuwa ameongoza kwa mara ya kwanza. Mafyekeo hayaanguki njiani, watu huanguka. Anayekimbia mbele asigeuke ni mkimbiaji tu. Na heri kijana ajifunze hilo katika mchakamchaka wa asubuhi, ambapo gharama yake ni karipio, kuliko alijifunze siku ambayo gharama yake ni roho ya mtu. Ndiyo faida ya nafasi ndogo: zinaturuhusu kukosea wakati kosa bado laweza kusahihishwa.

Sasa turudi kwa Mtakatifu Martino. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Roma, naye kijana akaingizwa jeshini akiwa na umri mdogo. Sisi sote twaikumbuka habari ya lango la mji wa Amiens, nchini Ufaransa, alipokata joho lake vipande viwili na kumpa maskini kipande kimoja wakati wa baridi kali. Lakini Sulpicius Severus, aliyeandika maisha yake, ametuachia habari nyingine ndogo: kwamba Martino alikuwa na mtumishi mmoja tu, na mara nyingi yeye ndiye aliyemvua mtumishi huyo viatu na kuvisafisha, na walipokula pamoja, yeye ndiye aliyeandaa. Kabla ya kukabidhiwa jimbo, alikuwa amejifunza uongozi kwenye buti za mtu mmoja. Tena, kile kipande cha joho kilichobaki kilitunzwa na wafalme wa Wafaranki, na makasisi waliokilinda wakaitwa kwa Kilatini cappellani. Ndilo asili ya jina ambalo lugha nyingi humwitia padri wa jeshi hata leo. Sisi mapadri tunaohudumia makambi, basi, kwa asili ya jina letu tu watunza nguo. Si mbali sana na mtunza mafyekeo!

Naye yule akida wa Kafarnaumu, ambaye Bwana wetu aliistaajabia imani yake, alipojieleza alianza kwa kusema kwamba yuko chini ya mamlaka, na ndipo akataja askari walio chini yake. Utaratibu huo si wa bahati mbaya. Alijua kuamuru kwa sababu alijua kuamriwa.

Lakini nina neno pia kwa ninyi mlio na tepe na nyota, mnaosali nasi hapa. Askari mdogo akija kuomba kazi ndogo, msimcheke, wala msidhani anawapigania kiti. Mpeni, mwonyesheni mipaka yake, na akikosea mkaripieni kama Sajini yule, ambaye baada ya karipio aliacha mlango wazi. Vimemo hustawi mahali ambapo milango midogo imefungwa.

Pengine mnataka kujua kama kijana amepata tepe. Hajapata. Uteuzi umepita mara moja tangu hapo, na jina lake halikuwemo. Iliuma, sitawaficha. Mwezi uliopita alihamishiwa kikosi cha mbali, akaja kuniaga. Akanieleza kwamba siku ya kukabidhi daftari, koplo aliuliza nani atalichukua, na mikono mitatu ikainuka kwa pamoja: ni wale watatu aliowafundisha kuandaa buti, pamoja na yule aliyeanguka.

Hebu kila mmoja wetu ajiulize juma hili: katika nyumba yangu, katika jumuiya yangu, mahali pangu pa kazi, ni mafyekeo gani ambayo kila mtu anayatafuta na hakuna anayeyatunza?

Mtakatifu Martino, utuombee. Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu.