Injini Izimikapo Mlimani

Mwenye kutoka Kasindi kwenda Butembo kwa motokaa hukutana na hewa za namna tatu kwa siku moja. Kwanza bonde la Semliki, nchi ya joto, chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kisha Beni, mita 1,100 na kitu. Halafu barabara yapanda kama kilomita 50 hata Butembo, zaidi ya mita 1,700, ambako jioni watu huvaa makoti. Motokaa mpya hazijali safari hiyo, maana zina kompyuta ndogo ipimayo hewa na kugawa petroli. Lakini Land Rover na Volkswagen za zamani, pamoja na pikipiki nyingi za abiria, bado zina kabureta. Nayo kabureta haijui kwamba imepanda mlima.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika eneo la Beni, na magari yameshambuliwa njiani. Gari likizimika penye msitu jua likitua, na ndani yake mna mama mwenye uchungu wa kuzaa, hapo si wakati wa kuanza kujifunza.

Basi, tuitazame kabureta. Ndani yake mna koo jembamba. Hewa ipitapo kwa nguvu huvuta petroli katika tundu dogo liitwalo jeti, na viwili hivyo huingia pamoja katika injini. Kwa gramu moja ya petroli zatakiwa gramu 15 hivi za hewa. Huko Butembo hewa ni nyepesi: mkandamizo wake ni kama sehemu nne tu kati ya tano za ule wa Mombasa. Lakini jeti hutoa petroli karibu sawasawa na pwani. Hivyo injini hulishwa kupita kiasi, plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi hunuka, na gari likisimama kupisha ng'ombe, injini hutetemeka mara mbili tatu na kufa.

Hapo mafundi wengi hukaza skrubu ya mwendo ili injini ingurume juu zaidi ikiwa gari limesimama. Sisi twasema wazi kwamba huko ni kuficha ugonjwa. Kwanza lisafishwe chujio la hewa, maana vumbi la barabara zetu hulijaza upesi. Pili itazamwe choki, ambayo mafundi wa Kongo huiita stata, kama imefunguka kabisa. Ndipo skrubu ya mchanganyiko irekebishwe, injini ikiwa moto, na irekebishwe mahali gari linapokaa. Likiwa la kukaa Butembo siku zote, afadhali litiwe jeti ndogo zaidi. Lakini anayeteremka Kasindi kila juma asipunguze mno, kwa sababu bondeni injini itapata petroli haba na kuchemka.

Kuna namna nyingine ya kuzimika, nayo ndiyo iwachanganyayo watu. Injini yafa njiani. Dereva angoja dakika 15. Injini yawaka kana kwamba haikuwa na neno. Husema, "Imepumzika." Kumbe kuna sababu mbili zilizo kinyume kabisa.

Ya kwanza ni joto. Katika kupanda polepole mchana, gari limejaa mizigo, petroli huchemka ndani ya bomba au pampu, nayo pampu haiwezi kusukuma mvuke. Na kadiri tupandavyo juu, ndivyo petroli ichemkavyo upesi. Dawa yake ni kusimama kivulini, kufungua boneti, na kuweka kitambaa chenye maji juu ya pampu. Nyumbani, bomba lisogezwe mbali na bomba la moshi.

Ya pili ni baridi. Petroli igeukapo mvuke huvuta joto, kama vile spiriti ya muuguzi inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Asubuhi ya ukungu upande wa Lubero, hewa ikiwa digrii 10 hivi, koo la kabureta laweza kushuka chini ya sifuri, na unyevu ukaganda humo mpaka njia ya hewa ikaziba. (Naam, ndugu msomaji: barafu karibu na Ikweta, wala si ile ya Ruwenzori!) Ikisha kuzimika, joto la injini huyeyusha barafu, na hakuna alama inayobaki. Motokaa nyingi za zamani zilitengenezwa na njia ya kupasha joto mahali hapo. Volkswagen ina bomba jembamba lipitishalo moshi wa moto chini ya kabureta, nalo huziba kwa masizi. Fundi asiyejua kazi yake huliacha hivyo hivyo, akidhani nchi yetu ni ya joto tu.

Dereva atajuaje ni ipi? Aguse kwa uangalifu mara injini inapozimika. Pampu ikichoma vidole, ni joto. Shingo iliyo chini ya kabureta ikiwa baridi na yenye matone ya maji nje, ni barafu, na kitambaa cha maji hakitasaidia kitu.

Tena yako maji. Petroli ya chupa na madumu, inayouzwa kando ya barabara na wale watu huwaita Kadhafi, mara nyingine huwa na maji. Iachwe kidogo katika chupa nyeupe: maji hukaa chini, nawe utayaona. Yakiisha kuingia katika kabureta, bakuli lifunguliwe na kumwagwa, na jeti ipulizwe kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli. Isichokolewe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi, na tangu siku hiyo gari litakunywa petroli kama maji.