SAFARI YA PWANI WAKATI WA MASIKA
Kutoka Mombasa mpaka Lamu kwa shanta na basi

Watu wengi wa bara wapendao kuizuru Pwani huchagua miezi ya Desemba na Januari, wakati upepo wa kaskazi uvumapo na bahari ing'aapo. Wakiambiwa habari ya kwenda mwezi wa Mei hucheka, wakasema kwamba huko ni kwenda kuloa bure. Walakini mtu atakaye kuijua Pwani ilivyo, wala si kustarehe tu, hana wakati bora kuliko masika. Wakati huo humwona mkulima akiwa shambani mwake, hukuta nyumba za wageni zina nafasi, na huiona mito ikionyesha nguvu zake. Tena hujifunza jambo moja ambalo ramani haimwambii, nalo ni kwamba njia ya Pwani haitawaliwi na mvua inyeshayo hapo Pwani peke yake, bali pia na ile iliyonyesha mbali sana, huko bara.

UPEPO NA MVUA

Mwaka wa Pwani hugawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi. Kusi huanza mwezi wa Aprili, ikaendelea mpaka kadiri ya Septemba. Masika huja pamoja na kugeuka kwa upepo, kuanzia mwisho wa Machi hata Juni, na mwezi wa Mei ndio uzidio miezi mingine kwa mvua. Mvua yenyewe si ya kudondoka kutwa kama manyunyu ya Limuru ya mwezi wa Julai. Aghalabu hunyesha kwa nguvu usiku au alfajiri, kisha jua likatoka, ardhi ikafuka mvuke, na baadaye wingu jingine likatokea upande wa bahari.

Kwa hiyo msafiri mwenye busara huondoka asubuhi, wala hajiwekei ahadi ya kufika mahali fulani saa fulani. Katika shanta yake hutia nguo chache zikaukazo upesi, kipande cha turubai cha kufunikia mzigo, chandarua, na ndara za kupitia matopeni. Kitambulisho chake hukifunga vizuri kisilowe, maana katika njia ya kwenda Lamu magari husimamishwa na abiria wakakaguliwa. Chandarua si pambo: mbu huzidi wakati wa masika, na homa ya malaria haichagui mgeni wala mwenyeji. Hali kadhalika maji ya kunywa sharti yachemshwe, kwa kuwa mafuriko huchafua visima.

MOMBASA MPAKA KILIFI

Mombasa ni kisiwa, na aendaye kaskazini hana budi kuvuka maji kabla hajafika popote. Tangu mwaka 1931 watu walivuka kwenda Nyali kwa daraja lililoelea juu ya maji. Daraja la sasa lilichukua mahali pake mwaka 1980. Mbele yake kuna hori ya Mtwapa, na mbele tena hori ya Kilifi, ambako mpaka mwaka 1991 magari yalingojea feri. Siku hizo safari ilikwenda kwa saa ya feri, wala si kwa saa ya dereva. Leo basi hupita juu ya daraja la Kilifi kwa muda mfupi hata abiria aliyelala hajui kwamba amevuka.

Aliyebeba shanta hana haraka ya basi. Huweza kushuka Mtwapa akaenda kuyatazama magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliojengwa kwa mawe kando ya bahari. Msikiti wake uko karibu na ufuo, na birika za maji zaonekana hata sasa. Mtu asimamapo hapo wakati mvua ikinyesha huelewa upesi kwa nini wenyeji wa zamani walijitahidi kujenga visima na birika: waliishi kando ya maji mengi wasiyoweza kuyanywa.

Baada ya hapo njia hupita katika mashamba ya mkonge ya Vipingo, yaliyopangwa safu kwa safu. Kisha huja mashamba madogo ya Wamijikenda chini ya minazi. Mwezi wa Mei mahindi yamekwisha chipua, mihogo na kunde ziko kati yake, na watu huonekana na majembe tangu kukipambazuka. Mvua imchukizayo abiria ndiyo akiba ya chakula ya mkulima huyu. Ikichelewa majuma machache, mwaka wote huharibika. Katika vibanda vya njiani mgeni hupata sima kwa mchunga au mchicha, maana mboga za majani ni tele, bali samaki huadimika, kwa kuwa kusi imechafua bahari na mashua ndogo haziwezi kwenda mbali.

GEDE NA MALINDI

Kati ya Kilifi na Malindi njia hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilometa za mraba 420 hivi. Katika masika mashimo yake hujaa maji, na vyura huimba usiku kucha. Tembo nao wamo, kwa hiyo haifai mtu kuingia peke yake bila kiongozi.

Karibu na msitu huo ni Gede, mji wa Waswahili wa kale uliohamwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, akafunua msikiti mkubwa, jumba la mtawala, nyumba za mawe na visima virefu. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wakati wa mvua mawe yake huvaa ukungu wa kijani, na mizizi ya miti ikumbatiayo kuta hung'aa kwa unyevu.

Malindi iko kama kilometa 120 kutoka Mombasa. Hapa kusi ina habari yake katika historia. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, akapewa rubani, akaondoka mwezi uo huo, naye akaiona nchi ya India katika Mei karibu na Calicut. Hakuwa na bahati tu. Upepo uliomsukuma ulikuwa ule ule uletao masika, na mabaharia wa Pwani walikuwa wakiutumia zamani kabla yake.

MCHANGA WA BARA BAHARINI

Msafiri atokapo Malindi kwenda kaskazini hulikuta daraja la mto Sabaki. Na asimame hapo kitambo. Maji yake mwezi wa Mei ni mekundu mazito kama uji wa mtama, na yaingiapo baharini hutia rangi eneo kubwa. Udongo ule si wa Malindi. Mto huu huanza upande wa Ngong na Kiambu kwa jina la Athi, ukapita nchi ya Machakos na nyika za Tsavo, ambako huitwa Galana, hata ukafika hapa kwa jina la Sabaki. Kila shamba la mteremko lisilo na matuta, na kila kilima kilichokatwa miti, kimetoa sehemu yake. Wavuvi wa Malindi hulalamika juu ya tope, na ufuo umejaa mchanga mahali palipokuwa na maji. Mkulima wa bara aliye safarini akiyatazama maji hayo aelewe kwamba anatazama rutuba ambayo ingaliweza kumzalia magunia ya mahindi.

KUVUKA TANA

Kutoka Malindi mpaka Garsen ni safari ya zaidi ya kilometa 100 katika nchi tambarare. Hapa ndipo safari ya masika hupata hukumu yake. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukapita mabwawa ya umeme, Masinga likiwa la juu kabisa, kisha ukaenda mamia ya kilometa mpaka baharini. Bwawa la Masinga likijaa na kufurika, maji hushuka, na siku kadhaa baadaye nchi ya chini hugeuka ziwa, hata kama mbingu ya Garsen ni nyeupe.

Kwa sababu hiyo watu wa Garsen hawamwulizi mgeni kama amenyeshewa njiani. Humwuliza habari za mvua ya bara. Mafuriko ya mwaka 1961 yangali yakitajwa na wazee, na yale ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yatakumbukwa na watoto wao. Novemba 2023 mvua ya vuli ilizidi kiasi: daraja la Mbogolo, kati ya Kilifi na Malindi, liliharibika na njia kuu ikafungwa, na njia ya Garsen mpaka Lamu, ingawa imetiwa lami, ilifunikwa na maji penye Lango la Simba, wasafiri wakakwama pande zote mbili. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalirudi tena.

Hata hivyo si haki kuuita mto huu adui. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na miembe kandokando yake kwa rutuba iliyoachwa na maji yapunguapo, na Waorma huleta ng'ombe wao katika majani ya mabonde. Mwaka wa mto usiopanda huweza kuwa mwaka wa njaa. Shida huja maji yapandapo kupita kiasi, au kwa wakati ambao mkulima hakuutarajia.

Basi msafiri akikuta maji yamepita juu ya barabara, sharti angoje. Lami haionekani chini ya maji, na mahali ambapo jana palikuwa na njia huenda leo pana shimo. Mtu asikubali kupanda mashua iliyojazwa watu kupita kiasi kwa sababu tu wengine wamepanda. Siku mbili za kungoja katika hoteli ndogo ya Garsen, kwa chai ya tangawizi na mahamri, si hasara ikilinganishwa na uhai. Wenyeji wenyewe ndio wajuao mto, nao husema wazi kama wakiulizwa kwa adabu.

LAMU NA MAJI YAKE

Kupita Garsen njia hufika Witu, iliyokuwa zamani makao ya sultani aliyekuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani mpaka mwaka 1890, kisha humalizikia Mokowe. Hapo msafiri huacha gari, akavuka kwa mashua katika mkondo uliokingwa na visiwa. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda ndiye mchukuzi. Mvua ikinyesha hapo maji hutiririka katikati ya vichochoro, na watu husimama barazani wakizungumza mpaka ianue.

Mgeni akiwasikia wakiishukuru mvua hiyo, asistaajabu. Kusini ya mji, upande wa Shela, kuna vilima vya mchanga virefu kando ya bahari. Mchanga huo hunywa maji ya masika na kuyahifadhi chini yake, na visima vya huko ndivyo viupatiavyo mji maji matamu mwaka mzima. Vilima hivyo vikijengwa au kuchimbwa ovyo, maji ya chumvi huweza kuingia mahali pa maji matamu, na kisiwa kikakosa kinywaji. Ndiyo maana watu wa Lamu wamevitetea vilima hivyo mara nyingi.

Msafiri aliyetoka Mombasa akinung'unika kwa sababu shanta yake imeloa, akinywa kata ya maji ya Lamu huwa ameionja mvua ya masika ya mwaka jana. Arudipo kwao bara, na awaulize jirani zake kama matuta yao yamekwisha tengenezwa kabla mvua haijazidi.