Turubai la Gari la Kliniki

Mara nyingi sisi walimu twaandika habari za makosa ya wanafunzi wetu. Mwezi huu twataka kuandika habari za kosa letu wenyewe, nalo lilikuwa la skurubu nne.

Kijiji chetu ni cha Ugogo, upande wa Mpwapwa. Mara moja kwa mwezi huja gari la kliniki kupima uzito wa watoto na kuwachanja. Ubavuni mwa gari hilo pana turubai. Likivutwa na kutegemezwa kwa nguzo mbili za chuma huwa kama baraza, urefu wake meta 3, na kutoka ukutani meta 2 na nusu. Mgeni aweza kuuliza, "Mbona hamketi chini ya mibuyu, nanyi mnayo mingi?" Aje mwezi wa Agosti autazame mbuyu. Hauna hata jani moja, na kivuli chake ni mistari ya matawi tu.

Mwezi wa Julai tuliona ya kuwa ufito wa aluminiamu unaoshika turubai umeachana na ukuta wa gari, hata kidole chaweza kupita. Dereva alikuwa na haraka. Nasi, kwa kuwa twafundisha kazi za mikono, tukajitolea. Tulitoa skurubu nne za inchi moja, tukatia za inchi mbili katika matundu yale yale, tukakaza. Zilizunguka kwa wepesi mno. Jambo hilo tulilisikia mkononi, tukalinyamazia. Watu walitushukuru, nasi tukazipokea shukrani.

Agosti ni mwezi wa pepo kwetu. Siku ya kliniki, yapata saa tano ya asubuhi, upepo uliingia chini ya turubai ukaliinua kama tanga. Ufito ukang'oka upande mmoja, na nguzo ikaanguka shubiri moja tu kutoka kwa mtoto aliyelazwa juu ya kanga. Mama yake hakupiga kelele. Alimwinua mtoto, akaenda kuketi juani.

Watu wakamgeukia dereva, wakamwita mzembe. Mwuguzi akafungua daftari ili aandike habari yake. Twakiri kwamba tulisimama pale kitambo, tukijiambia labda ni upepo tu, na upepo hauna mwenyewe. Mwuguzi alipomwuliza dereva mara ya pili, naye akakosa neno la kujibu, ndipo tuliposema, "Skurubu hizo tulizitia sisi." Wanafunzi wetu wa darasa la sita walikuwapo, wakasikia.

Akaitwa mzee mmoja seremala. Skurubu zetu hakuzitazama. Aligonga ukuta wa gari kwa kifundo cha kidole, toka mwisho hata mwisho. Mahali pengi palilia, lakini chini ya ufito palikuwa bubu. "Mwalimu," akasema, "ulikaza skurubu katika uji."

Alipofungua ubao wa ndani tuliona maana yake. Ukuta wa gari la namna hii si kitu kimoja: nje ni bati jembamba, ndani ni ubao mwembamba, na katikati mna kiunzi cha mbao. Skurubu hushikwa na kiunzi. Sasa, ile gundi ya mpira izuiayo maji nyuma ya ufito ilikuwa imepasuka kwa jua; mvua ikafuata matundu ya skurubu, na kiunzi kikaoza kidogo kidogo hata kikawa kama ugoro. Skurubu ya inchi mbili, na hata ya inchi nne, ingeshika nini humo?

Dereva alilala kwetu. Mzee akakata uozo wote mpaka akafika penye mti mzima, akapachika kipande cha mninga kwa gundi, akakiacha kishike usiku kucha. Asubuhi tulitoboa matundu mapya, tukatandika utepe wa mpira unaonata nyuma ya ufito, na badala ya skurubu tukatia bolti zipitazo ukuta mzima, zikakazwa kwa nati upande wa ndani juu ya vipande vipana vya chuma. Mwisho tukafunga kamba toka nguzo mpaka mambo zilizopigwa ardhini. Mzee alitukataza kuzisahau kamba hizo kuliko alivyotukataza jambo jingine lo lote.

Juma lile tulifundisha hesabu ya upepo. Upepo wa kilometa 36 kwa saa husukuma kila meta moja ya mraba kwa nguvu iliyo kama uzito wa kilo 6. Turubai lina meta za mraba 7 na nusu. Basi, ni kilo 45. Mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, yaani kilo 180. Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, hesabu hii hamkuijua mwezi wa Julai?"

Tuliijua.

Mwezi wa Septemba gari lilirudi, turubai likavutwa. Akina mama wakaketi kivulini kama desturi, ila yule mmoja. Yeye aliketi juani, mtoto kamfunika kanga. Tulichukua kigoda chetu tukaketi chini ya nguzo ile ile iliyoanguka, tukakaa hapo hata adhuhuri. Alituangalia mara kwa mara, wala hakusogea.