Wanga Kwenye Jeli

Miaka yote niliyokuwa fundi sanifu maabara katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, kazi yangu ilikuwa kuandaa miyeyusho: kloriti, ayodaidi, asidi ya maloniki. Pampu ziliipitisha bila kukoma pembeni mwa kipande chembamba cha jeli yenye wanga, katika baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri. Kisha tulisubiri. Saa zikipita, jeli ilitoa madoa ya buluu yaliyopangana kwa nafasi sawa, doa na doa chini ya nusu milimita, nayo yakishatokea hayasogei.

Wageni waliuliza kama chini kuna kalibu. Hakuna. Mwaka 1952 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alikwisha kuonyesha kwa hesabu jinsi jambo hili linavyowezekana. Kemikali moja hujichochea yenyewe, nyingine huizuia. Kizuizi kikisambaa kwa kasi kubwa kuliko kichocheo, hukitangulia na kulizungushia uzio kila doa linaloanza, hata jingine lisiweze kuzaliwa karibu nalo. Turing alifariki mwaka 1954, kabla ya yeyote kuyaona madoa hayo kwenye chombo. Tatizo lilikuwa maji: ndani yake molekuli ndogo husambaa kwa kasi zinazokaribiana mno. Ikabidi kungoja hadi 1990, Patrick De Kepper na wenzake walipofanikiwa kule Bordeaux, Ufaransa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya wanga. Uliwekwa ili rangi ionekane tu, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kudondoshea ayodini kwenye kipande cha muhogo. Halafu István Lengyel na Irving Epstein, huko Marekani, wakaeleza kwamba ndio uliobeba kazi yenyewe. Molekuli zake ni kubwa, zimenasa ndani ya jeli. Huishika ayodaidi pamoja na ayodini, huiachia, huishika tena. Ayodaidi ndiyo kichocheo, ikachelewa. Kloriti, kizuizi, ikapita bila kushikwa.

Kwa hiyo katika daftari langu wanga uliandikwa mstari wa kwanza, juu ya kloriti, pamoja na kiasi chake na namna ulivyopikwa. Vijana waliokuja kujifunza kwangu walitaka kukimbilia pampu na kamera. Niliwaanzisha kwenye wanga: uchemke hadi ung'ae, usiwe na bonge hata moja, ndipo tuchanganye jeli.