Riale za Bandia Ninazozitafuta

Watu wakisikia nakusanya sarafu za bandia, hushika mifuko yao. Wala siwalaumu. Lakini ninazozitafuta ni bandia kongwe, zilizoghushiwa enzi sarafu halali ikiwa sokoni ili zikanunue vitu kwa udanganyifu. Zile zinazotengenezwa siku hizi kuwatapeli wakusanyaji sizitaki hata za bure.

Nimejikita kwenye riale ya Maria Theresa, iliyotamba katika biashara ya Unguja, Omani, Yemeni na Uhabeshi. Mtawala huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na riale zilizopigwa baada yake zote zina mwaka huohuo. Kwa hiyo hata iliyo halali inadanganya umri. Austria yenyewe iliacha kuitambua kama fedha yake mwaka 1858, lakini wafanyabiashara wa huku waliendelea kuipokea. Walichokiamini ni madini yaliyomo, si serikali iliyoitoa. Mwaka 1935 Mussolini alipata mihuri ya kuipigia kutoka Vienna, akaipiga Roma akijiandaa kuivamia Uhabeshi. Mwaka uliofuata Waingereza nao wakaanza kuipiga London, baadaye Bombay na Birmingham. Je, hizo ni bandia? Uzito ni uleule na fedha ni ileile. Mimi nimezitengea kisanduku chake, maana mjadala wake haujanikwisha.

Bandia hasa huumbuliwa na mizani. Riale halali ina gramu 28 na ushei, na sehemu 833 kati ya 1000 ni fedha tupu. Naweka bilauri ya maji juu ya mizani, nairudisha kwenye sifuri, kisha naitumbukiza sarafu ikining'inia kwenye uzi bila kugusa chini. Iliyo halali huonyesha gramu 2.7 hivi. Ya shaba njano yenye uzito uleule hupita gramu 3, kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko fedha na mghushi alilazimika kuinenepesha ili ifikie uzito.

Baada ya hapo nakagua ukingo. Riale halali ina maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyosimama wima na kusomeka. Iliyosubiwa kwenye kalibu huwa na herufi zilizovimba, na mara nyingi utaona mikwaruzo ya tupa pale fundi alipoondoa mshono. Halafu nahesabu lulu za bizimu iliyo begani kwa Maria Theresa. Ziwe 9. Waghushi wengi hawakuwa na subira ya lulu.

Ninayoipenda kuliko zote ilitoka kwa sonara aliyekuwa ameitupa kwenye kopo la vipande visivyofaa kuyeyushwa. Shavuni rangi ya fedha imelika na njano imechomoza. Nyuma, kwenye bawa la tai, kuna kovu refu la patasi. Mtu aliitilia shaka, akaikata, akaona shaba. Ila haikuishia hapo: kovu lenyewe limesuguliwa hadi kingo zake zimekuwa laini, ishara kwamba iliendelea kupita mikononi mwa watu hata baada ya kugunduliwa. Labda kuna aliyeipokea kwa bei ya chini akijua, labda ilikwenda kwa asiyejua. Sarafu halali haiwezi kunionyesha mabishano hayo.

Kwa anayetaka kuanza, nina masharti mawili. La kwanza, usiguse bandia ya fedha inayotumika sasa. Hiyo ni jinai, na ukiipata ipeleke benki au polisi. La pili, kila bandia iwe na bahasha yake, iandikwe BANDIA kwa wino usiofutika, pamoja na uzito na mahali ilipopatikana. Wanangu hawana haja na riale. Siku nitakapoondoka wataziuza zote kwa mkupuo, na sitaki mghushi wa zamani aje kumla mtu mwingine kupitia mlangoni kwangu.