Kurudisha Changarawe

Changarawe ya barabara haiishi, inahama. Nililijua hilo nikiwa kijana, msaidizi wa opereta wa greda kwenye barabara ya Lodwar kwenda Kakuma katika miaka ya 1990. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa imefunguliwa mwaka 1992, na mbele yake, Lokichoggio, ndege zilikuwa zikipakia chakula cha kupeleka kusini mwa Sudan. Malori yalipita usiku na mchana. Lami ilibanduka vipande vipande hadi madereva wakaona heri wapite kando, vumbini. Palipobaki changarawe tupu tulipita na greda; mimi nilitembea nyuma yake nikiondoa mawe makubwa, na kila nikitupa macho pembeni niliiona changarawe yetu imelala pale, kwenye mabega ya barabara, imetupwa na magurudumu. Opereta wangu, mzee mmoja kutoka Kitale, hakuwa mtu wa kukwangua. Alianzia ukingoni kabisa, akaivuta taratibu mpaka katikati. Nilipomuuliza mbona hatuleti mpya, alinijibu, "Kijana, kwanza niambie ile ya zamani iko wapi."

Ujuzi huo ndio niliorudi nao nyumbani, Nariokotome, nilipopata kazi ya kuendesha trekta kwenye misheni ya Kikatoliki. Kwa asiyepajua, Nariokotome iko kaskazini mwa Lodwar, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kati ya milima na maji. Trekta ilikuwa ya kila kazi: kuvuta tangi la maji, kubeba mawe ya kujengea mabwawa, na kati ya kazi hizo, kutunza njia ya kuingilia kutoka barabarani hadi langoni. Kwa kazi hiyo ya mwisho tulikuwa na bledi ya kufunga nyuma, chuma kizito cha karibu nusu tani, na naisifu mpaka leo.

Uzito wake una sababu. Mikono ya haidroliki ya trekta nyingi hujua kunyanyua tu, haijui kukandamiza. Bledi ikishushwa inashuka kwa uzito wake yenyewe. Ikiwa nyepesi hupita juu ya ardhi iliyokauka ikipiga kelele bila kukata kitu, na ikigonga jiwe huruka. Huku kwetu jua likishaoka ardhi, bledi nyepesi ni mapambo. Nimewahi kuona watu wakiifungia mawe na magunia ya mchanga ili itulie, na si vibaya, ila nzito ya asili haina mfano.

Kabla ya kuwasha injini nilishuka na spana. Kuna pini ya kugeuzia bledi: ukiiweka mshazari, udongo hauji mbele yako wote, unateleza kando na kujipanga mstari. Kuna mkono wa kulia wa kunyanyulia, wenye skrubu ya kuurefusha na kuufupisha, ambao hulaza ncha moja chini kuliko nyingine, na hapo ndipo unapoupata mgongo wa barabara. Kisha kuna ufito wa juu wa katikati. Urefu wake mmoja huyafanya makali yainame na kuuma. Urefu mwingine huifanya bledi ipapase na kulainisha. Mtu asiyegusa hivyo vitu vitatu anaburuta chuma tu.

Mgongo ndio uhai. Kutoka katikati kwenda ukingoni njia inatakiwa ishuke kama sentimita nne kwa kila mita, ili tone la mvua lisipate pa kukaa. Wengi wanaogopa magurudumu, lakini mimi nimeona njia ikipitwa na malori mwaka mzima ikasimama, kisha dimbwi moja likaivunja kwa wiki. Ndiyo maana baada ya kuvuta changarawe katikati nilirudi kwa mguu na koleo kukata kile kituta ambacho bledi huacha ukingoni. Kikibaki, maji hayatoki. Yanakimbia ndani ya njia na kuchimba mfereji. Hapo kijana wa trekta hukuambia amemaliza, na mimi nasema hajaanza.

Halafu kuna mawimbi, yale matuta madogo yanayofuatana yanayotikisa gari mpaka meno. Mwaka 2007 wanafizikia wa Kanada, Ufaransa na Uingereza walionyesha kwa gurudumu na mchanga maabarani kwamba yanazaliwa mwendo ukivuka kiwango fulani, hata gurudumu lenyewe liwe halina springi. Madereva wa hapa hudhani yanaletwa na udongo mbaya. Dawa yake ni kukata hadi chini ya bonde la wimbi, kisha kutandaza upya. Ukijaza mabonde juu juu, yanarudi mahali pale pale. Na trekta nayo iende polepole, kwa sababu gurudumu la mbele likipanda, bledi ya nyuma inazama, na ukikimbia unachora mawimbi yako mwenyewe.

Lakini yote haya yanataka unyevu, na huku Turkana, Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Changarawe kavu haishikani. Tena upepo wetu wa kusini-mashariki, ambao hauchoki, hupepeta ule udongo laini unaounganisha mawe na kwenda nao, yakabaki mawe yanayoviringika. Nchi nyingine wangemwaga maji kwa boza. Huku mama anatembea na mtungi kichwani kutafuta maji ya watoto na mbuzi; sikuwahi hata mara moja kuomba lita ya kumwagia njia, na sikuruhusu mtu yeyote aombe kwa ajili ya trekta yangu. Nilingoja mvua. Ikinyesha usiku, alfajiri nilikuwa nimeshapaka grisi na kufunga bledi, kwa sababu kufikia mchana jua limeshaufyonza unyevu wote. Jamaa zangu walinizoea: mvua ikigonga mabati, hawakunitafuta nyumbani.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Changarawe ikipungua kweli, inatolewa wapi? Ile ya laga, yaani mto mkavu wa msimu, ni rahisi, iko karibu, lakini maji yameisugua ikawa ya mviringo na haing'ang'anii. Inataka ichanganywe na mawe yenye kona kutoka chini ya milima na udongo wa mfinyanzi kidogo. Na si kila mahali pa kuchota. Mwaka 1984 mtafuta mifupa ya kale Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto kwenye ukingo wa laga ya Nariokotome. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati huo. Kutokana na kipande hicho ulipatikana mfupa baada ya mfupa, karibu kiunzi kizima cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Huko Lomekwi, si mbali na sisi, yalipatikana mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015.

Fikiria koleo la trekta likiingia kwenye ukingo wa namna hiyo. Kamoya alikuwa na macho, bledi haina. Kwa hiyo nilijiwekea sharti, na nikawawekea vijana wote: kingo haziguswi. Tunachota katikati ya mkondo tu, mahali ambapo kila mafuriko huleta mzigo mpya, na tukiona mfupa uliogeuka jiwe tunasimamisha kazi, kisha tunatoa taarifa kama Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavyotaka. Wapo walioniona nachelewesha kazi. Niliwajibu kwamba ukirudisha changarawe iliyo kando ya njia, hitaji la kuchimba linapungua kwa kiasi kikubwa, na huo ndio uchumi wa kweli wa bledi.

Siku hizi trekta inaendeshwa na kijana niliyemfundisha. Ananiita apa kwa heshima, anasikiliza, na mkono wake ni mwepesi kwenye levu. Anachotaka sasa ni kupatengeneza pale njia inapokata kikorongo, ambapo maji kutoka milimani hufika hata siku ambayo kwetu hakujanyesha tone. Bledi haiwezi kupamaliza pale. Kila mafuriko yanafuta kazi yote. Nimemshauri waweke drifti ya zege, ya chini, sakafu tu ambayo maji yatapita juu yake, na upande yanakoangukia wapange mawe makubwa yenye kona yasije yakachimba chini ya zege. Mawe tayari yako. Simenti inatoka Lodwar, na tumekubaliana imwagwe kabla ya mvua za Machi.